Istilahi za isimu kwa anayesoma Kiingereza: mwongozo kamili wa kuzijua kwa kuzitumia

Mwanafunzi wa tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) anaweza kukutajia fasili ya mofimu bila kukwama. Mpe neno "corner" alichambue, na wengi watalikata vipande viwili, "corn" na "er", kama walivyofundishwa kulikata "teacher". Fasili wanayo, kipimo hawana. Kwa hiyo katika mwongozo huu kila istilahi inakuja na jaribio lake: kitu cha kufanya kwa mdomo, kwa vidole au kwa kalamu, ili ujue kama kilicho mbele yako kinastahili jina hilo au hakistahili.

Tunawalenga wanaosoma Kiingereza hapa Dar es Salaam: kidato cha tano na sita, mwaka wa kwanza chuoni, walimu wapya, na wanaojisomea jioni baada ya kazi. Wote wana mtaji mmoja mkubwa ambao huachwa nje ya mlango wa darasa la Kiingereza, nao ni Kiswahili. Makosa mengi ya Kiingereza chetu yanafuata kanuni za Kiswahili kwa uaminifu kabisa, na ukiijua kanuni unalijua kosa kabla halijatokea.

Vifaa na ratiba

Kauntabuku moja, penseli na kifutio (michoro ya matawi, ile inayoonyesha kipande kipi kiko chini ya kipi, hufutwa sana), simu yenye kinasa sauti, na kamusi ya Kiingereza yenye alama za matamshi. Hiyo ya mwisho usiifanyie uchumi usio na maana. Ukinunua ya mtumba, ifungue kwenye neno "though" kabla hujatoa hela. Kama pembeni ya neno hilo hakuna kitu kinachofanana na /ðəʊ/, irudishe mezani. Usipokuwa na bajeti, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed inafaa sana kwa kazi hii, maana kamusi kubwa husomwa kwa kurukaruka, si kwa kwenda nayo nyumbani.

Kila ukurasa wa daftari ugawe safu nne. Ya kwanza ni istilahi kwa Kiswahili, ya pili jina lake kwa Kiingereza kama lilivyo kwenye kitabu chako cha kiada (mtihani utakuja kwa lugha hiyo), ya tatu jaribio, ya nne mifano miwili: mmoja unaofaulu jaribio na mmoja unaoanguka. Mfano unaoanguka ndio wenye kazi. Usiandike istilahi zaidi ya tano kwa siku.

Kwa mtu anayesoma dakika 40 kila siku, wiki nane zinatosha: tatu za sauti, mbili za muundo wa maneno, mbili za sentensi, moja ya maana na matumizi. Shuleni sauti hupewa muda mfupi kuliko vyote, na ndiyo sababu tumeugeuza mgawo huo.

Jifunze alama tatu mapema. Mikwaju / / huonyesha fonimu. Mabano mraba [ ] huonyesha sauti kama ilivyotamkwa hasa. Kinyota * mbele ya sentensi maana yake ni kwamba mzawa wa lugha hiyo haisemi hivyo.

Hatua ya kwanza: acha herufi, sikiliza sauti

Fonetiki huchunguza sauti za lugha zinavyotolewa na kusikika. Fonolojia huchunguza namna lugha fulani inavyozipanga sauti hizo na kuzipa kazi. Kabla ya yote mawili, tenganisha herufi na sauti kichwani mwako. Kiswahili kimetudekeza: tunaandika karibu kama tunavyosema. Kiingereza kina herufi 26, lakini katika lafudhi ya Uingereza inayotumiwa na kamusi nyingi kina fonimu zipatazo 44: konsonanti 24 na irabu 20, kati ya hizo irabu unganifu, yaani irabu mbili zinazotamkwa kwa mkupuo mmoja, zikiwa 8. Kiswahili kina irabu tano tu. Hesabu hiyo peke yake inakueleza mashaka mengi yanatoka wapi.

Na kwa nini "knight" liandikwe na herufi zisizotamkwa? Zamani zilitamkwa. William Caxton alipoleta uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda huku matamshi yakiendelea kusonga, hasa irabu ndefu, ambazo zilihama takribani kati ya 1400 na 1700. Tahajia ya Kiingereza ni picha ya zamani ya mtu ambaye sura yake imeshabadilika.

Jaribio rahisi la kuona kama umeshaachana na herufi ni "a" na "an". Kanuni hii hutazama sauti ya kwanza ya neno linalofuata, haitazami herufi. Ndiyo maana ni "an hour" lakini "a university", ni "an MP" na "an SMS" lakini "a European". Anayeandika "a MP" amesoma kanuni ya "a, e, i, o, u" akaishia hapo.

Sasa *fonimu*. Ni sauti ambayo ukiibadilisha, neno linageuka kuwa neno jingine. Jaribio: tafuta maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu mahali palepale. Kwa Kiswahili, "kula" na "kura" yanathibitisha kwamba /l/ na /r/ ni fonimu mbili. Kwa Kiingereza, "light" na "right" yanafanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo anayezichanganya katika Kiswahili atazichanganya huko pia.

Penye tatizo zaidi ni irabu. Andika maneno haya manne: "hat", "hut", "heart", "hurt". Katika kamusi yana irabu nne tofauti: /æ/, /ʌ/, /ɑː/, /ɜː/. Midomoni mwetu yote huangukia kwenye "a" ya Kiswahili, na msikilizaji hubaki anakisia kama umeongelea kofia, kibanda, moyo au maumivu. Zoezi lake ni hili. Yape namba 1 hadi 4, uyasome kwa mpangilio wa kuvuruga mara 12 huku ukirekodi, kisha mwenzako asikilize na kuandika namba anazozisikia. Akipata chini ya 10, tofauti bado ipo kwenye daftari tu. Anza na urefu: "heart" na "hurt" ni ndefu, mbili nyingine ni fupi. Kisha kwa "hat" fungua kinywa kama unataka kusema "e", ila teremsha taya.

Konsonanti zina nafuu, na hapa mtu wa pwani ana bahati. Kiingereza huandika "th" kwa fonimu mbili: ile ya "think" ni "th" ya *thamani*, ile ya "this" ni "dh" ya *dhahabu*. Wanafunzi wa mataifa mengi huhangaika nazo. Wewe unazo tayari, alimradi usiseme "samani" ukimaanisha thamani. Vilevile "singer" na "finger", zinazofanana kwa maandishi, hazifanani kwa sauti: "singer" ina "ng'" ya *ng'ombe*, "finger" ina "ng" ya *anga*. Kitabu cha Kiingereza kitalieleza hilo kwa aya nzima.

*Alofoni* ndiyo istilahi inayowashinda wengi kwenye mtihani. Ni sura mbalimbali za fonimu moja, ambazo kubadilishana kwake hakuzai neno jipya. Kata kipande cha karatasi laini, upana wa vidole viwili, ukishike mbele ya midomo. Sema "pin": karatasi inaruka. Sema "spin": karatasi inatulia. Kwa hiyo kuna [pʰ] yenye mpumuo na [p] isiyo nao, na mpumuo huo hautofautishi maneno yoyote ya Kiingereza. Unategemea tu mahali sauti ilipokaa. Lakini kwa wazee wa mwambao, *paa* la nyumba na *paa* mnyama hutofautishwa kwa mpumuo uleule. Sauti ni zilezile, hadhi yake katika kila lugha ni yake. Ukiulizwa kama sauti fulani ni fonimu au alofoni, swali la kurudisha ni moja: ya lugha gani?

Karatasi isiporuka hata kwa "pin", basi unatamka "p" ya Kiswahili sanifu. Mzungumzaji wa Kiingereza anaweza kuisikia kama "b", na "pin" ikawa "bin".

*Sauti ghuna* na *sighuna* zipime kwa vidole viwili kwenye koo. Vuta "zzzz", unasikia mtetemo: hiyo ni ghuna. Vuta "ssss", hakuna: hiyo ni sighuna. Usiruke kipimo hiki kwa kukiona cha kitoto. Bila hicho, sehemu inayofuata haitaeleweka.

*Mkazo* na *silabi* vinahitaji wiki yao. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila ubishi. Kiingereza huuhamisha: PHOtograph, phoTOgrapher, photoGRAphic. Tukisema "development" kwa mazoea yetu mkazo huangukia "lop", wakati unatakiwa ukae kwenye "vel". Mkazo pia hutenganisha nomino na kitenzi: IMport ni bidhaa iliyoingia bandarini, imPORT ni kitendo cha kuiingiza. Silabi isiyo na mkazo mara nyingi hulegea na kuwa shwa, yaani /ə/, irabu inayotokea kuliko zote katika Kiingereza na ambayo haina herufi yake. Ukitamka kila irabu kwa ukamilifu, kama tulivyozoea, utaeleweka, lakini utachelewa kumwelewa anayezimeza.

Jambo la mwisho la sauti: silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Silabi ya Kiingereza huweza kubeba konsonanti tatu mwanzoni, kama "street", na hata nne mwishoni, kama "texts". Tunapoyapokea maneno hayo tunachopeka irabu, na ndivyo "club" ilivyozaa *kilabu*. Uchopekaji huo ni halali kabisa ndani ya Kiswahili. Ukiuhamishia kwenye Kiingereza unapata "workedi" na "textisi".

Hatua ya pili: kata neno mahali panapokatika

*Mofimu* ni kipande kidogo kabisa cha lugha chenye maana au kazi ya kisarufi. Jaribio lina masharti mawili, na yote lazima yatimie: ukikiondoa kipande, kilichobaki kiwe na maana inayohusiana na neno zima, na kipande chenyewe kifanye kazi hiyohiyo katika maneno mengine. "Teacher" linapita: "teach" linabaki na maana ya kufundisha, na "-er" hutengeneza mtendaji katika "driver" na "singer". "Corner" halipiti, kwa sababu kona haina uhusiano na mahindi. "Uncle" nalo halina "un-". Na angalia "bigger": hapo "-er" ipo, lakini ni mofimu nyingine, ya kulinganisha, iliyofanana sauti tu na ile ya mtendaji.

*Mofimu huru* husimama peke yake kama neno, *mofimu tegemezi* haiwezi. Haya ni mepesi. Kazi kubwa ni kutenganisha uambishaji wa kisarufi na unyambulishaji. Viambishi vya kisarufi vya Kiingereza ni vinane tu, na unaweza kuvimaliza leo: "-s" ya wingi, "'s" ya umiliki, "-s" ya nafsi ya tatu, "-ed" ya wakati uliopita, "-en" au "-ed" ya kitenzi kilichotimia ("past participle"), "-ing", "-er" na "-est" za kulinganisha. Vyote ni viambishi tamati. Vilivyobaki vyote, kama "un-", "re-", "-ness", "-ment", "-able", ni vya kunyambulia: huzaa neno jipya, na mara nyingi hubadilisha aina yake. Mpangilio ni huu: vya kunyambulia hukaa karibu na mzizi, vya kisarufi hufunga mlango. "Teachers" inawezekana, *"teachser" haiwezekani.

Kwa mwenye Kiswahili kuna zoezi zuri la kuona kwamba mofimu na neno si kitu kimoja. Chukua *tumewapikia*: tu-me-wa-pik-i-a. Neno moja, mofimu sita. Kiingereza chake ni "We have cooked for them": maneno matano, na mofimu nazo ni sita, kwa kuwa "cooked" ina mbili. Kiswahili kimezishona, Kiingereza kimezianika. Fanya hivyo kwa vitenzi kumi vyako mwenyewe na hutasahau tena.

*Alomofu* ni sura mbalimbali za mofimu moja, na hapa ndipo vidole vya kwenye koo vinapolipa. Wingi wa "-s" hutamkwa kwa namna tatu. Baada ya sauti sighuna ni /s/: "cats". Baada ya sauti ghuna ni /z/: "dogs". Baada ya /s/, /z/, /ʃ/, /tʃ/ na nyingine za jamii hiyo ni /ɪz/: "buses". Mwaka 1958 mtafiti Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Marekani picha ya kiumbe cha kubuni aliyekiita "wug", kisha akawaonyesha viwili. Watoto wakasema "wugs" kwa /z/, ingawa hawakuwahi kulisikia neno hilo maishani. Hawakukariri, walikuwa na kanuni. Jaribu kwa maneno yako ya kubuni: "mip", "tob", "kish". Ukisema /s/ kwa yote matatu, rudi kwenye koo.

"-ed" hufuata mkondo uleule: /t/ katika "worked", /d/ katika "played", /ɪd/ baada ya /t/ au /d/, kama "wanted". Zingatia pia alomofu zisizoonekana: wingi wa "sheep" ni "sheep", na wa "foot" hupatikana kwa kubadili irabu ya ndani.

Neno "unlockable" litakusaidia kuona kwamba viambishi vina tabaka. Likikatwa un + lockable, ni mlango usioweza kufungwa kwa ufunguo. Likikatwa unlock + able, ni mlango unaoweza kufunguliwa. Mofimu tatu zilezile, maana mbili, kwa sababu ya nani aliungana na nani kwanza. Chora michoro miwili ya matawi. Utaihitaji hatua inayofuata.

Aina za maneno: usiliulize neno, uliza kiti chake

Kosa la kawaida ni kukariri orodha: hili nomino, hili kivumishi. Katika Kiingereza neno moja hukalia viti vingi. Chukua "fast". "A fast car": kivumishi, kwa kuwa kimekaa kati ya kibainishi ("a") na nomino. "He drives fast": kielezi. "Many people fast in Ramadan": kitenzi, ukimweka mtu mmoja unapata "fasts". "A long fast": nomino. Majaribio mawili yanatosha mara nyingi: neno linapokea kiambishi gani, na limekaa wapi. Tahadhari na "-ly": "quickly" ni kielezi, lakini "friendly" na "lovely" ni vivumishi.

Vibainishi kama "the" na "a" ndivyo tunavyoviangusha zaidi, kwa sababu Kiswahili hakivihitaji. Orodha haitakuponya hapo, soma aya moja ya gazeti kila siku na uulize kila nomino, "imetajwa tayari au ndiyo mara ya kwanza?"

Kihusishi na kile kipande kinachoambatana na kitenzi hufanana sana. "He looked up the word" na "He looked up the road" yanaonekana mapacha. Hamisha "up" uone: "He looked the word up" ni sawa, *"He looked the road up" si sawa. Katika ya kwanza "up" ni sehemu ya kitenzi. Katika ya pili ni kihusishi, na kimeungana na "the road" kuunda kirai.

Hatua ya tatu: sentensi

Hapa majina ya Kiswahili na ya Kiingereza hugongana, kwa hiyo tuyaweke mezani mara moja: kiima ni "subject", kiarifu ni "predicate", kirai ni "phrase", kishazi ni "clause". Kinachoitwa "object" wengine hukiita yambwa, wengine shamirisho. Usigombane na mwalimu; andika yote mawili kwenye safu ya kwanza.

*Kiima* si mtenda. Tukianza na fasili ya "anayetenda", sentensi kama "The phone was stolen" inatuumbua, maana simu haikuiba. Jaribio ni kuigeuza sentensi kuwa swali na kutazama kitenzi kisaidizi kimeruka nini. "The price of tomatoes has risen" inakuwa "Has the price of tomatoes risen?" Kilichorukwa ni "the price of tomatoes", chote. Hicho ndicho kiima, na kichwa chake ni "price", si "tomatoes". Ndiyo maana ni "has". Kosa la *"The price of tomatoes have risen" hutokana na kitenzi kupatanishwa na nomino iliyo jirani.

*Kirai* ni fungu la maneno linalofanya kazi kama kitu kimoja. Kipime kwa kukibadilisha na kiwakilishi. Chukua sentensi hii ya daladalani: "The conductor pushed the passenger with the bag." Ina maana mbili. Ukisema "The conductor pushed him", ukawa umemeza "the passenger with the bag" yote, basi begi ni la abiria. Ukisema "The conductor pushed him with the bag", begi ndilo lililotumika kumsukumia. Chora mara mbili: katika mchoro wa kwanza "with the bag" inaning'inia chini ya kirai nomino, katika wa pili chini ya kirai kitenzi. Maksi hupotea hapa kwa wanaochora tawi kwa kila neno bila kuonyesha nani yuko chini ya nani.

*Kishazi* kina kitenzi chake. Kishazi huru husimama, kishazi tegemezi hakisimami. Vishazi vya urejeshi ndivyo vyenye mtego wa kwetu. *Mtu niliyemwona* ina "-mw-" ndani yake, kwa hiyo tunaandika *"the man whom I saw him". Katika Kiingereza "whom" limeshachukua nafasi ya yambwa, na "him" inakuwa ya ziada. Kosa la *"My brother he works at the port" ni ndugu wa hilo: tumetafsiri "a-" ya *anafanya*.

*Njeo* na *hali* vitenganishwe. Njeo husema lini. Hali husema tendo linatazamwaje, linaendelea au limekamilika. Zile nyakati kumi na mbili za ubaoni ni nyakati tatu zilizozidishwa kwa hali nne, basi. Kwa umbo la kitenzi chenyewe Kiingereza kina njeo mbili tu, "work" na "worked"; wakati ujao huazima "will". Mtego mkubwa ni "-me-". Tumefundishwa kwamba "-me-" ni "have", na kwa *amefika*, "He has arrived", ni kweli. Lakini *amevaa kofia* ni "She is wearing a hat", *nimechoka* ni "I am tired", *nimeelewa* ni "I understand". Kwa vitenzi vya namna hii, "-me-" huonyesha hali iliyopo sasa. Upande wa pili, *ninajua* huzaa *"I am knowing", kwa kudhani kila "-na-" ni "-ing". Andika ukurasa mzima wa vitenzi vya aina hizi mbili.

Kuhusu *kauli*: lile tangazo la ukutani, *Nyumba hii haiuzwi*, lina kauli ya kutendwa, "-w-". Kiingereza cha kawaida ni "This house is not for sale", ambacho hakina kutendwa hata kidogo. Kina kirai kihusishi. Kwa hiyo usichambue Kiingereza kwa kuangalia tafsiri yake.

Maana na matumizi

Sehemu hii ni nyepesi kwa aliyefika hapa. Semantiki huchunguza maana ya maneno na sentensi. Pragmatiki huchunguza maana inayotokana na nani kasema, wapi, kwa nani. Vinyume vigawe kwa jaribio la "very": "very hot" inakubalika, kwa hiyo "hot" na "cold" vina ngazi, "dead" na "alive" havina, "buy" na "sell" ni tendo moja linalotazamwa kutoka pande mbili za meza. Hiponimu ni jina la aina ndani ya kundi: pale soko la samaki Feri, nguru, changu na jodari zote ni hiponimu za samaki. Homonimu zimegongana sauti tu, kama "bank" ya fedha na ya mto, ilhali "mouth" ya mtu na ya mto ni maana moja iliyotanuka, yaani polisemia. Kolokesheni ni maneno yaliyozoeana: mvua kubwa ya masika ni "heavy rain", wala si "big rain".

Wazo la kitendo uneni, ambalo maelezo ya mwanafalsafa J. L. Austin yalichapishwa mwaka 1962, ni kwamba kusema ni kutenda. Abiria anayesema "It's hot in here" hatoi taarifa ya hali ya hewa, anaomba dirisha lifunguliwe.

Zoezi la kuunganisha yote

Chukua sentensi moja uipitishe kwenye hatua zote. Tutumie hii: "The buses stopped because the road was flooded." Kwa anayepanda mwendokasi na kuijua Jangwani wakati wa mvua haihitaji maelezo.

Sauti: "buses" inaishia /ɪz/, "stopped" inaishia /t/, "flooded" inaishia /ɪd/. Mkazo wa "because" uko silabi ya pili. Maneno ni nane. Mofimu ni 11, ukihesabu "was" kuwa moja. Anayeigawa kuwa "be" na wakati uliopita atapata 12, na zote mbili hukubalika ukieleza ulivyohesabu.

Hizo "-ed" mbili ni mofimu tofauti. Weka kitenzi kisicho cha kawaida mahali pake: badala ya "stopped" unapata "broke", badala ya "flooded" unapata "broken". Ya kwanza ni wakati uliopita, ya pili ni kitenzi kilichotimia ndani ya kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Mwingine ataiita "flooded" kivumishi, na kwa matumizi fulani atakuwa sahihi. Mdai jaribio, usimdai fasili.

Vishazi ni viwili. "The buses stopped" ni huru, kiima chake "the buses", kitenzi chake hakina yambwa. "Because the road was flooded" ni tegemezi, na kinaweza kuhamia mbele, ila hapo weka mkato baada ya "flooded". Kwa upande wa pragmatiki, sentensi hiyohiyo ikisemwa mbele ya bosi saa tatu asubuhi ni utetezi wa kuchelewa, na atakayeijibu kwa kueleza habari za mifereji ya barabara atakuwa ameelewa kila neno na kukosa kilichosemwa.

Ikikuchukua zaidi ya dakika 30 mara ya kwanza, ni kawaida. Tafuta nyingine kumi kwenye mabango, risiti na matangazo ya kazi, uzichambue moja kwa siku, na kila unapokwama andika pembeni ni jaribio gani lililokosekana.